Kinanda cha kukanyaga cha kanisani kimeishiwa upepo: tuanzie wapi?

KwayaUnguja

Salaam jamani. Kanisani kwetu hapa Unguja kuna kinanda cha kukanyaga, kile cha kuvuta upepo, hakina umeme hata kidogo. Kii 61, vifundo 11 (vile vya kuvuta kuchagua sauti), kanyagio mbili. Hali yake ni hii: unakanyaga kwa nguvu lakini sauti inatoka dhaifu, na ukiacha tu inakata. Kii ya nne kutoka kushoto inalia yenyewe. Tatu za juu hazilii kabisa. Tangu masika kuna saba au nane zikibonyezwa hazirudi. Kanyagio ya kulia ni nyepesi kuliko ya kushoto, na ndani kunanuka ukungu. Kamati inataka "kipigwe tyuni", yaani sauti zilinganishwe, na mtu kashajitolea. Kabla hajafungua chochote, naomba mwongozo: tuanzie wapi, tununue nini, na kipi tusiguse?

Seremala Mwembeladu

Huyo wa tyuni mpeni chai, akae pembeni kwanza. Ndimi za shaba, vile vibao vyembamba vinavyotetemeka na kutoa sauti, ndizo zinazoharibika mwisho katika kinanda hiki. Kinachokufa mwanzo ni nguo ya mivukuto, kisha ngozi za vali, kisha sufu iliyo chini ya kii. Upepo ukiwa dhaifu kila ulimi utaonekana mbovu, na mkikwangua shaba wakati tangi, yaani mfuko mkubwa wa upepo ulio ndani, linavuja mtakuwa mnatyuni uvujaji.

Pimeni hivi. Fungeni vifundo vyote, kii zisiguswe. Kanyageni taratibu mpaka kanyagio ziwe nzito. Hapo tangi limejifunga. Acheni, mhesabu sekunde mpaka lifunguke lote. Kinanda kizima hukaa nusu dakika na zaidi. Chini ya sekunde 10 hakuna la kubishana, nguo imekwisha.

Kumbukeni namna kinavyofanya kazi, maana wengi hugeuza. Hiki hakipulizi, kinanyonya. Springi ndani ya tangi zinataka kulifungua. Mkikanyaga, mivukuto miwili inatoa hewa na tangi linajibana. Hewa ya nje inataka kuingia, na njia pekee iliyoachiwa ni kupita kwenye ndimi. Basi kila tundu lingine ni mwizi.

Kumtafuta mwizi: washeni kijiti cha udi, mtu mmoja akanyage, mwingine apitishe moshi polepole kwenye mikunjo ya nguo, pembe za tangi na mshono baina ya sanduku la ndimi na tangi. Panapovuja moshi unamezwa. Majivu yaangukie kwenye kisahani, hiyo ni mbao kavu ya miaka mingi.

Mpiga Hamonia

Naongezea kwa wa taarab wanaosoma: hamonia yetu ya mkono ni kinyume chake, inasukuma upepo. Alexandre Debain aliyeisajili hamonia Paris mwaka 1842 aliifanya ya kusukuma, na zile za Kihindi zikafuata njia hiyo. Kwetu moshi wa udi utarushwa nje, hautamezwa. Mengine karibu yote ni mamoja.

KwayaUnguja

Shukran. Tumepima mara tatu: sekunde 4, 4, 5. Udi umemezwa pembe zote mbili za tangi na nyuma ya mvukuto wa kulia. Nguo ukiikunja inatoa unga mweusi.

NgoziNaGundi

Unga mweusi ni mpira uliokufa. Usijaribu kuweka viraka, vitashika leo na nguo itapasuka kando ya kiraka kesho. Badilisheni yote.

Kabla ya kisu chochote: FUNGENI TANGI KWA KAMBA. Springi za ndani zina nguvu ya kuvunja kidole. Bana mbao mbili za tangi mpaka zikutane, zungusha kamba mara mbili, kaza fundo, ndipo ukate nguo. Kisha fungua kamba kidogo kidogo, mtu mwingine ameshika ubao. Kila springi ikitoka iandikwe upande iliotoka.

Nguo ya zamani msiitupe. Itoeni nzima kadiri mnavyoweza, muilaze sakafuni, hiyo ndiyo ramani yenu. Vile vipande vya kadibodi vilivyogundishwa kwa ndani ndivyo vinavyoifanya nguo ikunje kwenda ndani kwa mstari ulionyooka. Mkivisahau, nguo itajikunja ovyo, itasugua springi na kutoboka.

Hesabu ya nguo, mfano tu, pimeni chenu. Tangi la sentimita 90 kwa 40, bawaba upande mrefu, linahitaji utepe wa kuzunguka pande tatu: 40 + 90 + 40 = 170, ongeza 10 za kukunjia pembeni. Upana ni uwazi wa tangi, tuseme 20, jumlisha unene wa mbao na pa kugundisha, fanya 25. Mivukuto miwili ya 40 kwa 30: kila mmoja 30 + 40 + 30 na 10 za ziada, upana 22. Panga tepe tatu sambamba: 25 + 22 + 22 ni 69. Tepe mbili za bawaba, 10 kila moja, unafika 89. Kwa hiyo meta 2 za nguo yenye upana wa meta 1 zinatosha na kubaki.

Nguo yenyewe iwe ya mivukuto hasa: pamba, mpira katikati, pamba. Muagize kwa wauza vifaa vya vinanda nje, kwa kipimo. Kujaribu: ibane mdomoni uvute hewa kwa nguvu, ikipita pumzi hata chembe, rudisha.

MtotoWaDarajani

Nguo ya mwavuli je? Au ile rexine ya viti vya gari? Zipo tele na rahisi.

NgoziNaGundi

Nailoni ya mwavuli haishiki gundi ya maana, na kila tundu la msumari ni mlango. Rexine ni ngumu: inakula nguvu ya mguu, kisha inapasuka kwenye mkunjo. Unaokoa wiki tatu, unafanya kazi mara mbili.

Seremala Mwembeladu

Sasa gundi, na hapa najua tutagombana. Mimi nasema gundi ya fundi viatu. Gundi ya moto, ile ya wanyama inayopashwa, kwa hewa yetu hii? Masika ikiingia inalegea, inaota kuvu, na mende wanaila.

NgoziNaGundi

Sigombani, Fundi, lakini sikubali. Gundi ya viatu inashika mara moja, huwezi hata kuisogeza nguo ikikaa upande. Baada ya miaka michache joto linaifanya nta, nguo inateleza yenyewe. Na atakayekuja kurekebisha baada yetu ataikwangua na mbao ikiwamo. Ya moto inatoka kwa kitambaa cha maji moto na kisu butu.

La kuvu ni kweli, ila kuvu huota kinanda kikikaa palipo na maji. Na gundi inayolegea mara nyingi ilichemshwa. Kipimo changu: gramu 100 za chembe, maji mililita 150 mpaka 180, loweka usiku kucha NDANI YA FRIJI, maana kwa joto letu mezani itaoza. Asubuhi weka kopo ndani ya sufuria ya maji, moto mdogo, gundi ifike nyuzi 60, isizidi 65. Ikichemka nguvu imekwenda. Ikiwa sawa inateremka kutoka kwenye brashi bila kukatika, kama asali nyepesi.

Na hali ya hewa yetu ina faida yake. Gundi hii huganda ikishuka kwenye nyuzi 30 na kitu. Penye baridi wanapasha mbao kwanza ndipo wagundishe. Kazi ifanyeni kaskazi, Januari au Februari, mchana: mnapata muda wa kunyoosha nguo bila kukimbizana. Kipupwe pia kunakauka vizuri, ila fanyeni haraka kidogo. Masika msiguse brashi.

Chembe za gundi zikikosekana, jelatini ya ng'ombe wanayouza kwa wapika keki ni kitu hichohicho kilichosafishwa. Ina nguvu zaidi, basi maji yawe maradufu ya uzito wake na kidogo juu, na inaganda upesi.

Seremala Mwembeladu

Haya, kwa nguo nimekubali. Kanyagio na mikanda yake lakini nitapiga skrubu.

NgoziNaGundi

Mikanda ya kanyagio ni skrubu tangu kiwandani, hapo tuko pamoja. Chukueni mkanda wa pamba uliofumwa. Wa nailoni unanyooka.

Bi Sauti

Jamani msisahau vali, maana hiyo kanyagio ya kulia nyepesi huenda nusu yake ni vali. Kila mvukuto una ngozi mbili: moja ndani inayoruhusu hewa kutoka kwenye tangi kuja kwenye mvukuto, nyingine juu ya ubao unaotembea, inayoiachia nje. Ngozi ikikauka inajipinda ukingoni kama ganda la muhogo na haifungi tena. Badilisheni zote nne kwa pamoja, ukiacha moja ya zamani miguu haitalingana.

Ngozi ya kutumia ni ya mbuzi au kondoo iliyolainishwa kiwandani, nyembamba, inayolala yenyewe ukiitandika. Ngozi ya ngoma haifai, hiyo ni ngozi mbichi iliyokaushwa: inavimba na unyevu na kukakamaa na jua. Mkiagiza nje ulizeni ni ya mnyama gani, kwa sababu katika vitu hivi ya nguruwe imo sana na fundi wenu huenda hataishika.

Upande wa nyama, ule wa manyoyamanyoya, ndio unaotazama mbao. Igongeni ncha mbili tu na muiachie ilegee kidogo. Ngozi iliyokazwa kama wambo haifunguki vya kutosha.

KwayaUnguja

Bi Sauti, na ile kii inayolia yenyewe, na zilizonyamaza?

Bi Sauti

Inayolia: inueni hiyo kii kwa ukucha. Ikinyamaza, tatizo ni la kii yenyewe, hairudi juu kikamilifu. Ikiendelea kulia, basi kifuniko kilicho chini yake hakikai: ama punje ya taka imelala kwenye ngozi yake, ama pini inayokiongoza imeota kutu, ama springi imetoka kwenye kitundu chake. Hapo kazi ni brashi kavu na koleo ndogo.

Kii zisizorudi: msikimbilie msasa! Mbao imevimba, na masika ikiisha itanywea. Ukiisha kuipunguza itacheza na kugongagonga mwaka mzima. Toeni ubao wa mbele, muelekeze feni ya kawaida ndani wiki moja au mbili. Zitakazobaki nzito, tazameni kitundu chenye kitambaa chekundu kinapoingia pini: kibaneni kwa koleo laini, kidogo tu, kile kitambaa kijisinyae. Vijiti vinavyosukuma vifuniko vipakwe risasi ya penseli. Mafuta yoyote yasiingie humo, ya cherehani, ya nazi, wala yale ya kopo la kupuliza. Mbao ikinywa mafuta inavimba na haitoki tena. Na kuna wazee watawaambia mpake sifa, yale mafuta ya papa, nje kama jahazi, mwili wa kinanda ung'ae. Utang'aa, na waumini watakaa nyuma.

Mpiga Hamonia

Kwenye ndimi niacheni mimi.

Zilizonyamaza, tisa katika kumi ni vumbi. Ulimi unapita katika dirisha lake bila kugusa, nafasi iliyobaki pembeni ni ndogo kuliko unywele, punje moja inaukamata. Kwanza fungueni kifundo cha safu hiyo ya ndimi, bonyezeni kii mara nyingi kwa nguvu huku mnakanyaga. Wakati mwingine inajitema.

Isipojitema, utoeni. Kinanda cha kuvuta kila ulimi uko kwenye fremu yake ya shaba, imechomekwa katika mfereji wake, na kisigino cha fremu kina mfuo wa kushikia. Tengenezeni ndoano: spoki ya baiskeli, ipondeni ncha iwe bapa, ikunjeni milimita 2, ipigeni tupa. Ingiza kwenye mfuo, vuta moja kwa moja kuja kwako. Ukiipinda kushoto na kulia utakwangua mfereji na utavuja.

Kama kina safu mbili kamili hizo ni fremu 122. Chukueni ubao, muuchore mistari, muupe kila mstari namba ya kii na safu, na kila ulimi ulale kwenye mstari wake hata kama fremu imegongwa herufi. Ulimi mmoja ukiingia mfereji wa jirani mtatafuta kosa siku nzima.

Kusafisha: brashi laini, kutoka kwenye mzizi kwenda ncha, kamwe msirudi kinyume maana mtainua ncha. Kutu ya kijani ikikataa, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, suuza, kausha siku hiyohiyo kwa feni. Ndimu na siki ziacheni jikoni: zinang'arisha, ila zinakula zinki iliyomo ndani ya shaba na ulimi unakuwa dhaifu. Na mkiona ncha imepinda au imejikunja kidogo msiinyooshe, ndivyo kiwanda kilivyoitengeneza, hapo ndipo utamu wa sauti ulipo.

Ulimi unaokwaruza kama kijiko kwenye sahani unagusa ukuta wa dirisha. Pitisha ukanda wa karatasi nyembamba pembeni uone unakwama wapi, kisha usogeze ulimi kwenye mzizi wake kwa koleo, kidogo kabisa. Sauti ikiwa butu na imeshuka ghafla, chukua kioo cha kukuzia, tazama kwenye mzizi: kukiwa na ufa, huo umekufa. Kuuchomelea risasi ni bure.

MtotoWaDarajani

Na tyuni yenyewe sasa, inafanywaje?

Mpiga Hamonia

Mwisho kabisa, upepo ukishakaa. Na jueni hili: taka ikikaa kwenye ncha ya ulimi inaushusha. Mkisafisha, nyingi zitapanda zenyewe kurudi mahali pake. Aliyetyuni kabla ya kusafisha kaharibu kazi yote.

Ukikwangua karibu na ncha, sauti inapanda. Karibu na mzizi, inashuka. Chini ya ulimi ingiza jani la fila, lile la mafundi wa magari, ulimi upate pa kuegemea. Tupa nyembamba, mikwaruzo miwili mitatu, rudisha fremu, subiri dakika moja shaba ipoe kutoka mkononi, ndipo upime kwa programu ya simu. Shaba uliyoiondoa hairudi.

Mitego miwili. Wa kwanza, safu yenye jina la Celeste kwenye kifundo chake imetyuniwa kando makusudi ili ipige mawimbi ikilia pamoja na nyingine. Usiisahihishe. Wa pili, vinanda vya zamani si vyote viko kwenye A ya 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Kama kii zote zimepanda au kushuka kwa kiasi kilekile, kiacheni kilivyo. Kibodi ya umeme mnayopiga nayo ina mahali pa kugeuza namba, igeuzeni hiyo ikifuate kinanda.

KwayaUnguja

Tumeanza kufungua. Skrubu za sanduku la ndimi hazizunguki, kutu. Moja kichwa kimeanza kuliwa.

Seremala Mwembeladu

Acheni nguvu. Pasi ya kuchomelea risasi iwekeni juu ya kichwa cha skrubu dakika moja au mbili, iache ipoe, jaribuni tena: joto linaiachanisha kutu na mbao. Kwanza ikazeni robo, ndipo mfungue. Bisibisi ijae mfuo wote. Fungueni zote nusu mzunguko, moja baada ya nyingine kwa kukatana. Mkimaliza upande mmoja sanduku litapinda.

Zichomekeni kwenye kadibodi mliyoichora umbo la sanduku, kila moja mahali pake. Urefu wake haulingani, na ndefu ikienda tundu la fupi inatokea upande wa pili ndani ya njia ya upepo. Tundu lililolegea litieni ukonzo wa mbao wenye gundi. Skrubu nene zaidi inapasua.

Baina ya sanduku na tangi mtakuta ukanda wa ngozi au sufu. Ukiwa umelala bapa, badilisheni, ule nao ni mwizi mkubwa.

Na pasi hiyo ikae mbali na kii. Zile nyeupe zikiwa na manjano yaliyoenea sawasawa, na ukizisugua zinanuka kama kafuri, ni seluloidi, inashika moto kama karatasi. Zikiwa na mistari myembamba kama ya mbao na kiungo kinachoonekana katikati ya kii, ni pembe ya ndovu.

Bi Sauti

Na pembe hiyo huenda inarudi nyumbani. Meno mengi yaliyopita bandari yetu karne ya 19 yalikwenda Connecticut, Marekani, viwanda vya Deep River na Ivoryton, huko yakakatwa kii za piano na vinanda. Iliyobanduka gundisheni ileile, msitafute mpya.

KwayaUnguja

Swali la mwisho: kikishapona tukiweke wapi, na mchwa?

NgoziNaGundi

Mbali na dirisha la upande wa bahari, mbali na ukuta wa nje, nafasi ya kiganja nyuma hewa ipite. Ukuta wa mawe na chokaa unatema maji masika yote. Miguu ikae juu ya vipande vya marumaru, vinavyoonekana pande zote, ili njia ya udongo ya mchwa ionekane siku ya kwanza. Mafuta ya taa na dawa ya kupuliza zisikaribie: zinayeyusha mpira wa nguo mpya. Nondo wanapenda sufu, basi kila mwezi fungueni ubao wa nyuma mtazame. Kwenye matundu ya kanyagio pigeni wavu wa waya, panya huingilia hapo.

Na kipigwe. Dakika 10 kila siku mbili tatu zinatosha kuzifanya ngozi zisikauke mahali pamoja.

KwayaUnguja

Afwan, moja tena. Nguo ikishagundishwa, tungoje muda gani kabla ya kukanyaga?

NgoziNaGundi

Siku mbili, tangi likiwa limefunguka lote, springi ndani. Kisha mhesabu sekunde tena, mziandike kwa penseli ndani ya ubao wa nyuma pamoja na mwezi na mwaka.